Rufaa ya Swichi ya Langoni

Kambi ya Vibarua,
Shamba la Kahawa chini ya Nkoaranga,
Arusha.
14 Juni 1954

Kwa Bwana Mkubwa Mwandikishaji wa Uvumbuzi,

Shikamoo. Barua yako imefika. Nathanaeli, karani wa mizani, amenitafsiria mara mbili, maana mara ya kwanza sikumwamini. Umekataa kuiandikisha swichi yangu ya redio kwa jina langu kwa kuwa, unasema, "iko wazi kwa mtu yeyote mwenye akili ya kawaida." Nakata rufaa.

Nakukumbusha ilivyo. Kamba ya mgomba inatoka langoni hadi kwenye waya wa betri ya redio yetu, ndani ya banda la kuchambulia kahawa. Lango likifunguliwa, waya unachomoka na redio inanyamaza. Bwana meneja hapendi redio saa za kazi.

1. Kama iko wazi, mbona miaka mitatu tulimpandisha mwenzetu Dismasi juu ya mti alinde lango, mpaka akaanguka akavunjika mtulinga? Tulikuwa watu arobaini, wenye akili za kawaida kabisa. Tulichofikiri siku ile ni kutafuta mti mfupi zaidi.

2. Bwana meneja amesoma Ulaya. Amepita lango hilo miezi saba, na juzi alimwambia mgeni wake, "Vibarua wangu hufanya kazi kimya kama wako kanisani." Ukisema swichi iko wazi, umesema bwana meneja hana akili ya kawaida. Mimi kibarua siwezi kutamka neno hilo. Wewe umelipiga muhuri.

3. Nimetoka Singida, huu mwaka wa tisa. Mke wangu Kandida ameandika kuniuliza nimefanya nini huku muda wote huo. Kahawa niliyochuma imekwisha nywewa. Nataka karatasi moja yenye jina langu, nimwonyeshe.

4. Wameru walipohamishwa kutoka ardhi yao ya Ngare Nanyuki nao waliambiwa shauri limekwisha. Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa. Nimewauliza njia, wamenielekeza.

Nisalimie makarani wote, hasa yule aliyepiga chapa jina langu bila kukosea.

Ni mimi, mwenye heshima nyingi na subira iliyobaki kidogo,
Melkizedeki, kibarua namba 117

Nyongeza: Tafadhali fanya upesi. Mashamba matatu ya jirani yamekwisha funga swichi kama yangu. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuniuliza inavyofungwa. Walipita barabarani tu, wakaiona kamba.