Mnyoofu Aenda Kumchoma Mwenzake

Duniani kuna watu wanyoofu wawili tu: mmoja hajazaliwa, wa pili anapiga pasi kwenye duka letu la udobi! Maneno hayo si yangu, ni ya mwenyewe. Ndiyo maana tulimwita Mnyoofu.

Asubuhi moja aliona picha ya harusi kwenye simu. Kando ya keki alisimama mpiga pasi mwenzetu, Kijiti, ndani ya koti la kijivu. Koti la mteja! Mwenye koti ana tumbo la heshima, kwa hiyo Kijiti alionekana kama mpini wa ufagio ulioanikiwa blanketi.

“Lo! Huu ni wizi!” Mnyoofu akamkabili Kijiti.

“Wizi gani, kaka? Nimelirudisha na nimelifua. Dada yangu alikuwa anaolewa, ningekwenda na fulana?”

“Ungekwenda na aibu yako!”

“Basi, nimekosa, sirudii. Usinichome kwa Bi Mkubwa. Nikifukuzwa, wanangu watakula mvuke?”

Kwetu sisi, kumchoma mtu ni kumsema kwa bosi. Bi Mkubwa, mwenye duka, alijua kuchoma kwa aina moja tu: kuchoma nguo.

“Si amekiri?” nikasema. “Mwache leo, akirudia tumseme.”

“Haki haitiwi kiraka!” alifoka Mnyoofu.

Hewaa! Ila meza ya Kijiti iko dirishani penye upepo, na ya Mnyoofu iko ubavuni mwa boila, penye joto la kuivisha maharage. Haki yake ilikuwa imeshaanza kuhamisha vyombo kwenda dirishani.

Akaweka kola sawa, akatoka kama balozi anayekwenda kumaliza vita. Mimi na Kijiti tukamfuata. Kwenye kaunta, Bi Mkubwa alikuwa na mteja. Na mteja mwenyewe ni nani? Mzee wa tumbo, kaja kuchukua suti yake!

“Bi Mkubwa, nimekuja kumchoma Kijiti. Ni habari ya suti ya kijivu.”

“Nani kachoma suti?” Bi Mkubwa aliruka.

“Suti yangu!” Mzee akashika tumbo kama ndilo lililoungua.

“Hapana, anayechoma ni mimi!”

“Kumbe ni wewe!” Bi Mkubwa akamgeukia.

Ikabidi Kijiti mwenyewe aeleze. Koti likaletwa. Zima, safi, linanukia.

“Kumbe limevaliwa tu!” Mzee alicheka mpaka vifungo vikalalamika. “Yaani koti langu limealikwa harusini, mimi sijaalikwa?”

Bi Mkubwa hakucheka. “Kijiti, nguo ya mteja si yako. Jumamosi zako zote mwezi huu ni za kufua mapazia. Na wewe Mnyoofu, umefanya vizuri kusema.”

Mnyoofu akavimba kama andazi.

“Haya, mletee mzee na suruali yake.”

“Suruali?”

Hapo ndipo harufu ikatufikia. Kwa haraka ya kutafuta haki, Mnyoofu alikuwa ameilaza pasi juu ya suruali na kuondoka!

Akakimbia ndani. Akarudi, suruali mkono mmoja, pasi mkono mwingine. Makalioni palikuwa na tundu lenye umbo la pasi kamili, halina hata kona iliyopinda.

Mzee akachungulia tunduni, akamwona Bi Mkubwa upande wa pili. “Na hii ilikwenda harusi gani?”

“Nani kachoma?” Bi Mkubwa alinguruma.

Mnyoofu alitazama dari, akatazama viatu vyake.

“Bi Mkubwa,” Kijiti akasema kwa upole, “mimi sipendi kumchoma mwenzangu. Ila muulize huyo aliyeshika pasi.”