Mandhari ya Jangwa, Busia hadi Amukura

Jumatatu, 11 Januari 1965

Leo nimezaliwa upya! Yahya mwenye duka alinifungia mandazi kwa ukurasa wa gazeti la Wazungu. Nikala mandazi, nikatazama picha. Mzungu na mkewe, kila mmoja na baiskeli yake, katikati ya jangwa. Hakuna gunia kwenye keria, nyuma ya kiti. Hakuna mgonjwa. Wanatabasamu tu. Yahya, ambaye Kiingereza anakijua kiasi, akanisomea. Ati hiyo ni mbuga ya jangwa, watu huenda huko kwa baiskeli kutazama mandhari, na safari ni nyepesi hata kwa wazee.

Kutazama tu! Na mimi, Methuselah Ojiambo, kila siku napita kwenye mawe na vumbi kati ya Busia na Amukura nikibeba watu, na sijawahi kutazama chochote. Mvua hatujaiona tangu Novemba. Nyasi zimekwisha. Hilo ni jangwa, na ni langu.

Sababu yenyewe ni Asio. Nampenda Asio wa Amukura hata chakula hakishuki, isipokuwa mandazi. Jumapili ya tarehe 24 wazazi wake watapokea wageni wa posa, kundi moja tu. Ama watu wangu, ama watu wa mwalimu Osukuku. Asio ananitaka mimi. Lakini neno la mwisho ni la mama yake, na mama hataki kusikia habari za mtu wa keria. Basi, kuanzia leo mimi si mtu wa keria. Mimi ni mkurugenzi wa mandhari.

Mama huyo simjui sura. Akitokea njiani Asio huninong'oneza, nami naruka kichakani. Kwetu na kwa Wateso wa kina Asio sheria ni moja: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hali naye. Wengine hungoja posa ndipo waanze. Mimi nimeanza mwaka jana. Ninachokijua ni kitambaa chake cha kijani, tena kwa mbali. Adabu ya namna hii Osukuku ataitoa wapi?

Jumanne, 12 Januari

Nimechora kibao. MBUGA YA JANGWA. MATEMBEZI MEPESI. MANDHARI. Nimekisimamisha kando ya duka la Yahya, pale barabara inapoanza kwenda Amukura.

Osukuku akapita na baiskeli yake ya dinamo. Anawasha taa mchana! Akauliza jangwa liko wapi. Nikamwambia jangwa huonwa na mwenye macho. Akauliza breki ziko wapi. Nikamwonyesha akala yangu ya mguu wa kulia, kiatu cha mpira wa gari, hiyo ndiyo breki, nikiikanyagisha kwenye gurudumu baiskeli inasimama. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Cheka, mwalimu. Tarehe 24 haiko mbali.

Mke wa Yahya amenishonea mto wa keria, gunia lililojazwa pamba. Mtu akiukalia hataki kushuka.

Jumatano, 13 Januari

Nimeijaribu njia peke yangu. Pancha tatu. Miiba ya mwezi huu haina utu. Mlima mmoja, ambao sitautaja kwa abiria.

Jangwa halina ngamia. Hilo limenisumbua. Yahya akasema kuna punda wa mtu wa Malaba analetwa kuchungwa huku siku hizi. Kwa mbali atatosha.

Ijumaa, 15 Januari

Naandika mlango nimeufunga.

Asubuhi ilikuwa njema. Abiria wa kwanza! Na aliyeniletea ni Osukuku. Nilimwona ng'ambo ya barabara akiongea na mama mmoja wa makamo, mnene wa kupendeza, kuku kwapani, kitambaa chekundu kipya kichwani. Osukuku alikuwa amempa mgongo. Mwalimu mzima, anaongea na mama wa watu huku ameelekea ukuta! Nikaona haya kwa niaba yake. Akanyoosha kidole upande wangu, akapanda baiskeli, akaenda zake akicheka peke yake.

Mama akavuka. Akasema anarudi Amukura, alikuja kumwona dada yake, na huyo dada ndiye aliyempa kuku na kitambaa. Nikamwambia apande bure, kazi yake ni kunisifu tu huko kwao.

Nikamwonyesha mwamba. Akasema ni mwamba. Nikamwonyesha kichuguu. Akasema shambani kwake kuna vikubwa zaidi. Nikamwonyesha ngamia. Akasema punda yule ni wa Malaba, anamjua. Sikukata tamaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kisha ukaja ule mlima, upande wa kushuka. Nikakanyaga breki. Akala ikakatika, ikaruka. Mama akanikumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, kuku katikati yetu, tukashuka kama jiwe hadi kwenye kijito kilichokauka. Mimi mchangani, mama juu yangu, kuku juu ya mama. Nikajua nimekwisha. Lakini wapi! Mama alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Akasema hajacheka hivyo tangu aolewe. Akafungua njugu, tukala pamoja kutoka karatasi moja. Akaniita mwanangu.

Tukaendelea. Moyo ukawa mwepesi, ulimi nao. Nikamwambia haya yote nafanya kwa ajili ya Asio. Nikamwambia mama yake Asio, kwa ninavyosikia, ni mkali kama pilipili, ila nikishampata binti nitamzoea.

Mikono ikatoka kiunoni kama imeungua. Halafu akasema nisimame ashuke. Nikamwambia asiogope, mandhari yenyewe iko mbele. Akaomba tena. Mara ya tatu akaomba kwa jina la Mungu. Nikakaza mwendo. Abiria hajui kinachomfaa.

Alipopiga kelele kwamba tumefika kwake, nikasimama. Asio alikuwa mlangoni na mtungi. Akatutazama. Mtungi ukamponyoka, ukapasuka.

"Mama!" akalia.

Nikatafuta kichaka cha kurukia. Kwa ukame huu, hakuna hata kimoja.

Jumamosi, 16 Januari

Nilimtuma Yahya akaniombee msamaha. Karudi jioni. Kwanza akaomba maji. Halafu akasema baba yake Asio hana hasira, ila mtu aliyeshikwa kiuno na mama huyo, akaangukiwa naye, akala naye njugu, hawezi kuwa mkwe wake hata kwa ng'ombe mia. Mama mwenyewe amenitetea sana. Amesema mtu anayeweza kumbeba mama wa watu namna ile, akamchekesha, huyo ni mtoto wa kuzaa. Basi wamekubaliana. Mimi sasa ni mwana wa nyumba hiyo.

Na Asio je? Yahya akaomba maji tena. Asio ni dada yangu.

Nimelia. Naandika hivyo waziwazi. Nilimpenda kwa kweli, na nimempoteza kwa mto wa pamba.

Jumapili, 24 Januari

Posa ya Osukuku. Niliitwa kama mwana wa nyumba, nikabeba viti, nikachota maji. Wazee wakazunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake. Mama Asio, kitambaa cha kijani kichwani, akanitengea paja la kuku. Yule yule kuku! Asio akaniita kaka. Mara ya kwanza aliteleza, akaanza na jina langu. Mara ya pili alishazoea. Osukuku akanishika mkono, akaniita shemeji, akauliza breki zinaendeleaje.

Nilikuwa naelekea kuhuzunika hasa. Ndipo nikamwona Leonida.

Ni binamu ya Osukuku, katoka Kocholia na wageni. Meno yale! Alinipa pole kwa habari za kijito, akacheka taratibu, wala si kwa ubaya. Akauliza kama jangwa langu linafika Kocholia. Nikamwambia kuanzia leo linafika.

Safari hii sitafanya kosa. Nilipoambiwa mama yake yumo ndani, nilikimbilia nyuma ya jiko, nikakaa huko na moshi mpaka wageni walipotawanyika. Uso wake sikuuona hata kidogo. Adabu kwanza.

Na Osukuku nilimhukumu vibaya. Ana moyo. Wakati wa kuagana kaniambia kuna mama mmoja wa ukoo wao, wa makamo, analala hapa Amukura na kesho anarudi Kocholia, miguu inamsumbua, kama naweza kumbeba. Kicheko kilikuwa kinamtoka puani, nadhani ni pombe. Nikakubali papo hapo. Bure kabisa!

Akala mpya ninayo. Mto nimeukung'uta vumbi. Njia ya Kocholia ni ndefu, na nitakuwa na mtu wa kumsimulia habari za Leonida.