Kituo cha Fraktali cha Gitting Chazinduliwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wake, ambaye gari lake limekwama Katesh. Waheshimiwa wajumbe wa kamati yangu, kamati ndogo na kamati ndogo ya kamati ndogo. Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wananchi mliosimama juani, fraktali hoyee! (Hoyee ya watu sita.)

Ndugu zangu, katika zama hizi za soko huria, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado na umri wa miaka miwili tu, mimi Mwenyekiti, bila kushurutishwa na mtu, nilikaa Arusha kwenye semina ya siku tisa ili niwaletee teknolojia ya kupanga picha za fraktali ndani ya kompyuta. Fraktali ni umbo ambalo ukilichungulia ndani unalikuta lenyewe tena, dogo zaidi, na ndani yake lingine, bila mwisho, mfano kamati yangu na kamati zake ndogo, ambazo zote zinakunywa soda. (Vicheko. Mwenyekiti anainama kushukuru.)

Sasa fraktali hizo unazilaza tabaka juu ya tabaka kwenye programu ya kuhariri video, hapa unafifisha, pale unakoleza, mpaka zinazunguka zenyewe, na kwa utaalamu huo kituo hiki kitaajiri asilimia mia moja na nne ya vijana wa Gitting. (Sauti: “Hizo nne zinatoka wapi?”) Zinatoka kijiji cha Tumati, ndugu yangu, hatubagui!

(Mama Justina, mwenye shamba unapofanyika mkutano huu, anasimama: “Shikamoo mheshimiwa. Mlinikataza kulima tangu mwaka juzi, mkasema mnajenga. Mvua imeanza. Nisipopanda maharage sasa, watoto wangu watakula nini?”)

Swali zuri sana, mama, limepokelewa. Ila usipande! Bwana Bryson, fundi wetu wa video, anauhitaji uwanja huu mtupu hivi hivi mpaka amalize kulaza tabaka la ghorofa ya pili. Maharage yakiota yatatokeza madirishani, na wafadhili wameshaiona ghorofa ya kwanza kwenye video, wakapiga makofi wamesimama.

Tabaka juu ya tabaka! (Watu wanatazama mawingu.) Fraktali kwa wote! (Mbwa anabweka.) Namshukuru Bwana Bryson, aliyekijenga kituo chote hiki kwa siku nne bila tofali hata moja. Nakushukuru na wewe, Mama Justina, kwa moyo wa kujitolea, na tafadhali usilie mbele ya kamera. Shamba lako hatujalifuta, mama. Lipo palepale, tabaka la chini kabisa. Tumelifunika tu.

(Mama Justina anaazima jembe, anaanza kulima kuanzia ilipo meza kuu.)