Mapaja ya Bwana Mifugo

Jumatatu, 7 Julai

Suti ya kusimamia harusi imefika kutoka Dar! Ya bluu, imeshonwa kwa vipimo nilivyompa fundi mwenyewe kwa simu. Nakiri hapa, nilimpa vipimo ninavyotarajia kuwa navyo. Koti safi. Tumbo halina shida. Suruali ikapanda hadi katikati ya mapaja, ikagoma. Mapaja ya ndani! Tangu nihamishiwe Bariadi yanasuguana tu, suruali tatu za kazi zimetoboka palepale. Damas, jirani yangu na bwana harusi wa Jumamosi, kasema nijaribu tena Ijumaa. Isiponiingia, msimamizi wake atakuwa Marcelo, bwana shamba. Marcelo, yule mwembamba! Yaani Marcelo ndiye asimame kanisani bega kwa bega na nesi Milembe, msimamizi wa bibi harusi? Miezi minne mizima natafuta sababu ya kusimama karibu na nesi Milembe. Haiwezekani. Mapaja lazima yapungue.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia Hemed. Tulisoma wote Bukoba, sasa ni daktari wa upasuaji Mwanza. Nikasema namuulizia rafiki. Akaeleza kwa subira kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kisu: unapigwa ganzi, mrija unaingizwa, mafuta yananyonywa, na ngozi ikilegea inakatwa na kushonwa. Baada ya hapo uvimbe, na nguo ya kubana kwa wiki kadhaa. Ya pili haina kisu: mashine inagandisha mafuta, mwili unayaondoa polepole, miezi miwili mitatu, na hayapungui sana. Akauliza rafiki yangu ana haraka gani. Nikasema Jumamosi. Alicheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena akashauri rafiki atafute suruali kubwa. Daktari mzima, hana maono!

Ila neno moja nimelishika: kugandisha. Nani kata nzima ya Sapiwi ana barafu kunishinda? Friji ya chanjo za mifugo iko ofisini kwangu na funguo ninazo mimi. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jumatano, 9 Julai

Kazi imeanza. Vipimo kwanza. Ofisini kuna tepu ya ng'ombe tu, ile unayomzungushia kifuani inakwambia ana kilo ngapi. Paja la kulia: ndama wa kilo thelathini. La kushoto: thelathini na mbili. Kisha pakiti za barafu za boksi la chanjo, zile za plastiki, mbili kila paja, nikazikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Dakika ya kwanza niliwaita watakatifu wote kwa majina. Ya kumi sikusikia kitu. Raha iliyoje! Nikaenda hadi arobaini. Ngozi imekuwa nyekundu kama nyama ya buchani, dalili nzuri. Nimepima tena: thelathini, na thelathini na mbili. Tepu hii imechakaa.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya chanjo Sapiwi. Ng'ombe upande wa josho, watoto chini ya turubai la nesi Milembe. Nikaona nisipoteze muda, nigande huku nafanya kazi. Nilijificha nyuma ya josho, nikafunga barafu nne mpya ndani ya ovaroli, nikaanza kuchanja. Natembea kama bata, lakini nachanja.

Mara nesi Milembe huyo, anakuja mbio. Jua limemzidi, barafu zake zimeyeyuka, chanjo za watoto zitaharibika na akina mama bado wako kwenye foleni. Aliomba nimwazime, maana bwana mifugo huwa nazo nyingi. Nikasema bila wasiwasi, ngoja nizilete. Hatua ya tatu, mpira ukakatika! Barafu ikateremka ndani ya mguu wa ovaroli, ikatua mbele ya mzee Maige na ng'ombe wake wote. Mzee akaitazama. Akanitazama. Akauliza kama siku hizi chanjo ndiyo inasafirishwa hivyo, na kama dawa waliyochomwa ng'ombe wake nayo imepitia humo. Watu waliangua kicheko hadi ng'ombe wakashtuka.

Milembe hakucheka. Alizichukua zote nne, bado ngumu, akazisugua kwa sabuni mara tatu, chanjo zikapona. Halafu akaniita nyuma ya turubai. Malengelenge! Alinipaka dawa, akanifunga bandeji, akanigombeza dakika ishirini kwamba nimejiunguza kwa barafu, na kwamba vifaa vya chanjo si vya kuchezea. Dakika ishirini! Kabla ya leo hatujawahi kuvuka mbili. Nina furaha jamani.

Ijumaa, 11 Julai

Mapaja yamevimba. Ukijumlisha na bandeji, suruali imeishia magotini. Marcelo kaivaa huku anaongea na simu. Nafasi imekwenda! Nikampigia Hemed kuuliza kama kisu kinawezekana leo, kesho asubuhi mtu awe kanisani. Akauliza kwa ukali huyu rafiki ni nani hasa. Nikakata simu.

Kisha nikapata wazo. Kama mimi sipungui, Marcelo si anaweza kuongezeka? Nikampelekea beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga na maziwa ya mgando. Yeye kwao Songea, hajavizoea. Alikula vyote. Alinishika mkono akasema hajawahi kuona mtu anayeshindwa kiungwana hivi. Niliona aibu, kidogo. Kifungo cha suruali kikafunga vilevile.

Jumamosi, 12 Julai

Tumbo la Marcelo limechafuka! Tangu asubuhi yuko chooni, yeye na suruali ya bluu. Damas alinijia jasho linamtoka: simama wewe, vaa chochote. Chochote kipi, wakati kila suruali inanichoma? Wanakwaya wakaniazima joho. La zambarau. Nikasimama miguu nimeitanua, bega kwa bega na nesi Milembe, vigelegele kila kona! Wakati wa picha akaninong'oneza kwamba ni yeye aliyemwomba Damas anichague mimi, tangu siku ya kwanza. Kwamba mapaja yangu hayana kosa lolote. Akanitaka niape sitayagusa tena. Nimeapa, tena kanisani.

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka naimba. Baada ya misa Milembe kanipeleka kwa shangazi yake, Ng'washi, aliyekuja harusini kutoka Bukundi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikainama vizuri. Shangazi akanizunguka taratibu kama yuko mnadani. Akasema kijana anafaa, mapaja ni ya mtu anayekula akashiba, hapo hana neno. Ila huku chini, mashavu ya miguu, hamna nyama kabisa. Milembe akacheka, akasema shangazi ananitania na nisifanye chochote. Akarudia: chochote.

Nimempigia Hemed. Nimemuuliza, mafuta yakishanyonywa kwenye mapaja, hayawezi kushushwa chini kidogo, yakabaki kwa mtu yuleyule? Ameuliza tena huyu rafiki ni nani hasa. Lakini hajasema haiwezekani!