Siku Niliyopanga Gambuti za Nasari Kama Viazi

Watu wangu, leo nimeaibika mpaka kwa soksi.

Wale mlioniona nikipita sokoni nimefunga leso kiunoni, mkanipigia mbinja na kuniita mathe, yaani mama, haki yenu. Hata mimi ningepiga. Lakini wacha niwaambie ilivyokuwa, kwa sababu kesho nitasikia imeongezwa chumvi.

Asubuhi nilienda shule ya nasari anakosoma mtoto wangu Wanja. Sisi wazazi tulikuwa tumeamua leo tumshukuru Ticha Chero, mwalimu wao. Tumshukuru vizuri, si kupiga makofi halafu twende nyumbani. Tukaweka tenti uwanjani, chai, chapati. Mama Brayo, kiongozi wetu, akasimama.

"Huyu mama hajawahi kunywa chai ikiwa moto tangu aanze kazi hapa. Leo atakaa kwa kiti kama bibi arusi, anywe, amalize. Mzazi mmoja ashike darasa."

Kila mtu akaangalia viatu vyake.

Nikainua mkono. Sijui kwa nini. (Kusema ukweli, najua. Mama Wanja alikuwa ananiangalia.)

"Baba Wanja! Utaweza kweli?"

"Watoto ni watoto tu," nikajibu. "Ticha, leo hutainuka hapo mpaka kikombe kiishe. Nimekupa neno langu."

Ticha akacheka. "Haya. Lakini wamekunywa uji. Watataka choo saa yoyote."

"Hakuna shida!"

(Sikumsikiza. Sitaki kumwekelea mtu makosa. Aliniambia, tena kwa Kiswahili rahisi.)

Mwanzo mambo yalikuwa sawa. Tukaimba. Wimbo ukaisha, tukaimba ule ule tena. Mmoja akaniuliza kama niko na ng'ombe. Mwingine akataka kujua kwa nini meno yangu ni ya kahawia. Mwingine alinishika goti tu, bila sababu, na hakuliachilia. Wanja amekaa mbele, anawaangalia wenzake kama anayesema, mnaona huyu? Ni wangu. Jamani, nilisikia raha. Nikafikiria, kumbe hata mimi naweza kuwa mtu wa maana.

Hapo ndipo nikaona gambuti.

Mnajua matope ya leo. Watoto wote huja na gambuti, zile buti nyeusi za mpira, wanazivua kwa veranda, wanaingia na soksi. Hata mimi nilivua zangu. (Kidole gumba kilikuwa nje. Tuendelee.) Pale ukutani Ticha amechora picha: karoti, jua, kuku. Kila mtoto anaacha gambuti zake chini ya picha yake. Mimi picha niliziona, nikadhani ni urembo. Nilichoona vizuri ni matope.

Nikawaambia watoto wachore nyumba. Nikachukua ndoo na kitambaa, nikaanza kuosha gambuti huku nikiwachungulia mlangoni. Nilitaka Ticha akirudi akute kazi safi. Na vile mnajua mikono yangu ilivyozoea kupanga viazi, nikazipanga. Kubwa kando, za kati kando, ndogo kando. Zikang'aa! Mnunuzi wa Nairobi angezibeba bila kufungua gunia.

"Ticha, susu!"

Aliyesema ni mmoja. Lakini nimejifunza leo kwamba susu ikitajwa, kila mtu anaikumbuka.

"Susu!" "Na mimi!" "Mimi yangu inatoka!"

Wakakimbia veranda. Kila mtu akaenda chini ya picha yake. Hakuna kitu.

"Yangu iko wapi?"

"Hii si yangu!"

"Yangu ilikuwa na matope!"

(Ni kweli. Ilikuwa na matope.)

Mmoja akaanza kulia. Akafuatwa na mwenzake. Kule kwa tenti Mama Brayo alikuwa anampa Ticha zawadi yake, na nikaona Ticha ameanza kujiinua.

"Ticha, kaa!" nikapiga kelele. "Hakuna kitu!"

Choo kiko upande wa pili wa uwanja. Nikaamua nitawabeba. Nikakamata wawili, mmoja kila mkono, nikatoka mbio na soksi zangu. Majina yao sitawaambia, hata mninunulie chapati.

Mbele ya tenti, nikateleza. Sikuanguka, nilikaa. Polepole, na heshima zangu zote, katikati ya matope. Watoto wakabaki salama juu yangu. Halafu nikasikia joto.

Leo hapa kwetu Molo hapakuwa na joto popote. Hilo lilikuwa linashuka kwa suruali yangu.

Mdomo mdogo ukaja kwa sikio langu. "Usiseme."

"Sitasema," nikanong'ona.

Nikasimama. Na hapo, kutoka veranda, nikasikia sauti ya mtoto wangu mwenyewe wa kuzaa:

"TICHA! DADI AMEJIKOJOLEA!"

Tenti yote ikageuka kuniangalia. Mama Wanja akaanza kuangalia mawingu. Ningejitetea. Maneno yalikuwa hapa kwa ulimi. Lakini kuna mkono mdogo ulikuwa umeshika kidole changu, umekishika sana.

"Ni kweli," nikasema. "Samahani wazazi. Ni hii baridi."

Walicheka! Babu ya mtoto fulani akanifariji kutoka nyuma: "Usijali, boss, hata mimi hunipata!"

Ticha akaweka kikombe chini. Kilikuwa nusu, niliona.

"Ticha, tafadhali, nilikupa neno langu."

"Neno lako limejaa matope, Baba Wanja."

Akaenda veranda. Hakuuliza ni nani alifanya nini. Akapiga makofi mara mbili. "Vaeni yoyote inayoingia! Ikiingia, twende. Tutabadilishana tukirudi."

Yoyote inayoingia! Hiyo haikuwa imenipitia kwa kichwa hata kidogo. Wakavaa, wengine kushoto kwa kushoto, wakaenda kwa laini wakiimba. Waliporudi, akafanya kutafuta gambuti kuwe mchezo, na wale waliokuwa wanalia sasa wanabingirika kwa kicheko. Katikati ya hiyo kelele akamshika mkono rafiki yangu mdogo, yule wa 'usiseme', kama anampeleka tu kutazama kitu ndani. Wakatoka baadaye, mtoto ana suruali nyingine, fupi kidogo. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Kisha akanijia.

"Katoni ya nguo za akiba haina saizi yako." Akafungua ile zawadi ya wazazi, leso mpya kabisa, bado na mikunjo ya dukani, akanifunga kiunoni vile anafunga watoto. Akainama karibu. "Asante kwa kunyamaza."

Jamani, hiyo asante nimetembea nayo mpaka nyumbani, pamoja na mbinja zenu zote.

Mama Wanja bado anaamini ni mimi. Ameniambia hata Wanja aliacha hiyo tabia kitambo. Nimekubali.

Leso nimefua, iko kwa kamba, na kwa hii baridi sioni ikikauka kesho. Chekeni basi, nimewaruhusu. Lakini mmoja wenu asubuhi ampelekee Ticha chai ya moto, amshikie darasa mpaka amalize. Mimi nachunga leso.