Msimamizi Mtarajiwa wa Kaptura Mia Mbili

Jumatatu, 11 Agosti

Nafasi imepatikana! Bosi Kailash amekwenda Mombasa kwa harusi ya mpwa wake. Kabla ya kuondoka ametukusanya watu wote wanne wa karakana: Tobias mkataji, Annah wa lastiki, Peres wa cherehani kubwa, na mimi Wesonga wa pindo. Kaptura mia mbili za chekechea ziwe tayari Jumamosi, mwenye shule anazijia mwenyewe. Na atakayeonyesha uongozi ndiye atakuwa msimamizi. Msimamizi! Meza, ufunguo wa stoo, na kwaheri pindo. Nimeshona pindo miaka kumi na mmoja hapa Ngara. Mgongo umekwisha.

Peres alirudi kwenye mashine yake. Hana hamu ya maendeleo, maskini.

Mimi nina silaha. Juzi Jumamosi nilihudhuria semina ya bure ya uongozi kwenye hoteli moja Westlands. (Nilifuata sambusa, nakiri.) Mwalimu, Bi Ravneet, alitaja sifa nyingi za kiongozi. Niliandika nne nyuma ya bahasha kabla kalamu haijaisha wino. Nne zatosha.

Nilipofika nyumbani Uthiru nilimwambia mke wangu Veronicah kwamba nimekuwa msimamizi. Kasoro siku tano tu. Tayari amempigia simu mamake Busia.

Jumanne, 12 Agosti

Sifa ya kwanza: kiongozi husikiliza. Nimesikiliza mpaka masikio yakachoka! Annah amesema dirisha lifungwe, baridi ya Agosti inamla mifupa. Tobias amesema likifungwa atakosa hewa. Nimewakubalia wote wawili. Dirisha limefungwa na kufunguliwa siku nzima, na hao wawili sasa hawasemezani. Peres amesema nisogee, nimemzibia mwanga. Nimeandika: Peres anahitaji mwanga.

Kaptura zilizokamilika ni kumi na tisa. Zote za Peres.

Kuna jambo linanitatiza. Bi Ravneet alisema kiongozi hutangulia mbele ya watu. Dakika tano baadaye akasema kiongozi hukaa nyuma ya watu wake. Sasa ni wapi jamani? Nimeamua kusimama katikati, pale mlangoni. Annah amenikanyaga mara mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Sifa ya pili: maono. Nimetazama karatasi ya vipimo. Kiuno, inchi ishirini. Ishirini! Mtoto wa miaka minne leo, mwaka ujao ana mitano. Watoto hukua! Hakuna aliyefikiria hilo isipokuwa mimi. Nimemwamuru Tobias azikate zote kwa thelathini na mbili.

Tobias ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikatumia sifa ya tatu palepale: uamuzi. Nikamwambia hakuna kurudi nyuma. Akakata mia moja themanini na moja kabla ya chakula cha mchana, huku akicheka peke yake. Ari ya kazi hiyo.

Peres alikuwa ameteremka kununua uzi. Aliporudi aliokota kaptura moja, akanipima nayo kiunoni. Ilinitosha.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwenye shule amepiga simu kuuliza kama kazi inaendelea vizuri. Nimesema vizuri sana. Kisha nimeingia stoo nikakaa juu ya marobota ya kitambaa. Nikifukuzwa kazi nitamwambia nini Veronicah? Na mamake? Leo ametuma salamu za pongezi na kuku mzima.

Nilipotoka, hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Peres alisema afadhali zimekatwa kubwa, kubwa hupunguzwa. Alikuwa ameshachora kipimo kipya kwa chaki. Alimhamishia Annah upande wa jua, Tobias akamwacha dirishani. Dakika moja tu! Mimi nililishughulikia hilo siku nzima.

Akaniuliza mimi ninaweza nini. Nikamwambia ninaweza kuongoza. Akaniomba nichemshe chai.

Sifa ya nne! Kiongozi ni mtumishi, Bi Ravneet alilisisitiza kwa kugonga meza. Nimechemsha kwa moyo wote, tangawizi mbichi, maziwa mengi. Nimemwonea Peres huruma, anahangaika bila kozi yoyote.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumeingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Chai mara sita. Nimemchunguza Peres. Hatangulii mbele, hakai nyuma. Anashona tu, na kila mtu akikwama humwendea yeye. Haamrishi. Hana hata bahasha. Sielewi kabisa. Hii haikuwa kwenye semina.

Jumamosi, 16 Agosti

Bosi amerudi. Kaptura mia mbili zimekunjwa na kupangwa, mwenye shule amezichukua akitabasamu. Bosi akauliza kazi iliendeshwa na nani. Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, Tobias na Annah wakasema Peres. Peres akasema ni sote. Bosi akampa Peres ufunguo wa stoo mbele ya macho yangu, nami nimeshika sinia.

Miaka kumi na mmoja! Peres ana minne!

Kisha Bosi akaonja chai. Akaongeza kikombe. Akasema kuanzia Jumatatu nisiguse pindo tena, wala kitambaa, wala karatasi ya vipimo. Hasa karatasi ya vipimo. Mimi ni wa jikoni.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa nimemweleza Veronicah ukweli wote: nimepewa idara yangu mwenyewe. Ameuliza nina watu wangapi chini yangu. Nimemwambia kwa sasa hakuna, idara bado ni changa. Ameenda kuanika nguo.

Mchana huu nimefanya mkutano wa kwanza wa idara, hapa sebuleni, mwenyekiti mimi. Nimesikiliza maoni yangu yote. Kisha nikatoa maono: kwa nini kuchemsha chai kila siku kama watu wasioona mbele? Kesho nitachemsha ya wiki nzima, na maziwa yake humo humo. Nimepiga kura. Hoja imepita bila kupingwa.