Jalada la Mtani Wangu

Jumatatu, 16 Oktoba

Msiba! Saa nne asubuhi Dakta Pillay kaingia darasani bila hata salamu, kaandika ubaoni: UKUAJI. Nikadhani tunaanza somo la mihogo. Kumbe ni sisi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apeleke jalada kufikia Ijumaa, lionyeshe jinsi miaka mitatu ya chuo kikuu ilivyomkuza, kama mtu na kama mfanyakazi. Ameongoza nini. Amekosea wapi akajirekebisha. Nani shahidi. Asiye na jalada hana joho, akasema, na asije ofisini kwake kulia, zulia ni jipya.

Nimerudi bwenini kujikagua. Kilichokua kwa miaka mitatu: kitambi. Ndevu, kidogo. Cheti kipo kimoja ukutani, mshindi wa pili wa voliboli. Cha Filimoni, mwenzangu wa chumba.

Jioni Mama kapiga simu kutoka kisiwani. Mikeka ya mahafali yangu imekamilika, mitano, yenye nyuzi za rangi pembeni. Watu ishirini na wawili wameshaandikisha nafasi kwenye meli ya kuja hapa mjini Suva. Mchungaji keshaanza kuandaa sala. Masomo je, mwanangu? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa chuoni mimi ndiye wanayemtegemea. Akalia kwa furaha. Lo, nimekwisha! Nikikosa joho, kisiwa kizima sina pa kuweka uso.

Lakini akili ninayo. Nitaanzisha chama, niwe mwenyekiti. Uongozi huo! Filimoni nimemwandikisha akiwa kwenye usingizi wa pono. Hakupinga.

Jumanne, 17 Oktoba

Mkutano wa kwanza wa Chama cha Viongozi wa Kesho. Waliohudhuria: mimi, Filimoni, na jamaa mmoja wa uhasibu aliyefuata biskuti. Nikapendekeza uchaguzi, kwa ajili ya picha tu. Kura: Filimoni mbili, mimi Peceli moja. Nimepinduliwa kwenye chama changu mwenyewe ndani ya dakika tisa! Nikamwambia Filimoni ajiuzulu, tafadhali, kaka. Kasema hawezi kuwaangusha wanachama.

Kama hiyo haitoshi, akatokea Vasiti. Vasiti wa darasani kwetu, yule msichana wa mstari wa mbele, wa alama za juu. Kijiji chao na chetu ni tauvu, watani toka enzi za mababu. Wa kwao akitaka kitu chako anabeba, na matusi juu yake, na wajibu wako wewe ni kucheka. Ukinuna umetia aibu wazee wote, walio hai na waliokufa. Basi akanyakua mwavuli wangu mbele ya wanachama, mvua inamwagika, akasema ahsante kwa kunitunzia, mtani, ila unanuka samaki wa kopo kama mwenyewe.

Nikacheka. Kwa miaka mitatu keshachukua miavuli mitatu, kandambili, kuku mzima wa kuchoma na mto wangu wa kulalia. Vyote nimevicheka. Nimefika bwenini nimelowa hadi soksi.

Jumatano, 18 Oktoba

Utani ni wa pande mbili! Mbona sikuliwaza hili toka juzi?

Saa tano, maktaba. Vasiti yuko meza ya dirishani, pembeni yake jalada la bluu, nene kama mkate. Nikaenda bila kunyata, kidume, nikalibeba mchana kweupe. Nikamwambia ahsante kwa kunitunzia, mtani, ingawa mwandiko wako kama kaa anayekimbia. Maktaba nzima ikasikia. Vasiti akanitazama, akatazama jalada, akacheka mpaka akaegemea meza. Akasema chukua, chukua, mali yako hiyo. Mwanamke muungwana kumbe. Nimemwonea bure miaka yote hii.

Filimoni kauliza huo si wizi? Mwenyekiti gani huyu asiyejua mila? Nimemweleza polepole, kama unavyomweleza mtoto: mtani haibi, mtani anachukua.

Ndani kuna flashi pia. Raha! Kwenye kompyuta nimebadilisha jina kwa mpigo mmoja, kila penye Vasiti pakawa Peceli. Kurasa arobaini na sita, nikazichapa upya. Sikusoma, maana kusoma kungenichelewesha. Saa tisa nimemkabidhi Dakta Pillay, wa kwanza darasa zima! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani ameguswa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Dakta Pillay kaniita. Kafungua ukurasa wa thelathini na moja, kanisomea kwa sauti: "Mimi, Peceli, nimekubali kuwa mwandaaji wa mapokezi ya waajiri arobaini siku ya Ijumaa tarehe ishirini, pamoja na kinywaji cha kava, hotuba ya heshima na chakula cha lovo, cha kuokwa shimoni kwa mawe ya moto." Akauliza kama maandalizi yamekamilika. Nikasema yamekamilika, Dakta. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole. Akasema vizuri sana, maana Vasiti amemwambia kwamba nimeomba kuibeba kazi yote mimi.

Nimempata Vasiti kantini anakula roti. Nikamuuliza hii ni nini, mtani? Kasema kazi hiyo alipewa mwezi uliopita. Nguruwe keshamwagiza, mizizi ya kava anayo, mikeka ya kukalia anayo. Kilichomshinda ni msemaji. Hotuba hiyo lazima aitoe mwanamume, na kila mvulana aliyemfuata alikimbia. Basi alikuwa ameketi pale maktaba anamwomba Mungu amletee mwanamume mmoja, akainua macho, akaniona mimi nabeba jalada. Akasema hakutaka kumchagulia Mungu. Halafu akachukua soda yangu.

Nikacheka. Nifanyeje?

Mpango wa kwanza: kuugua. Nesi wa chuo kanipima, kasema nina afya ya ng'ombe.

Mpango wa pili: kumsukumia Filimoni, si ndiye mwenyekiti? Kakubali haraka mno, kaleta wenzake kumi wa timu ya raga, kisha kasema mwenyekiti kazi yake ni kufungua mkutano, na huu ameufungua. Wakanikodolea macho mimi, vifua kama makabati. Ikabidi niwagawe. Wanne kuni, watatu mawe, watatu shimo, Filimoni jembe. Wawili wa mawe wakaanza kusukumana kwa mambo ya mechi ya Jumamosi, nikawaingilia katikati, mmoja nikampeleka kwenye kuni. Mmoja hakutokea tena, nikamfuata hadi chumbani, kumbe mama yake kalazwa. Tukakaa kidogo. Nikampa kazi ya kukunja majani ya migomba, ya kukaa. Muda wote huo umepotea! Ningekuwa nimeshabuni njia ya kutoroka.

Sokoni, mwuza dalo, magimbi yetu, alitaka kuniuzia mizizi iliyooza chini ya kapu. Nikamwaga kapu lote mezani kwake mbele ya wateja, tukaelewana. Nimerudi, mvua kubwa, shimo la lovo limekuwa bwawa. Vijana wananitazama. Nikasema hamishieni banda la magari. Mlinzi kasema haiwezekani, ana amri. Nikamwambia ukweli, baba, wageni arobaini wanakuja na tukikosa pa kupikia mimi ndiye nitakayepikwa. Kacheka, katoa magari, kachimba na yeye.

Mjomba Kitione, msemaji wa kijiji chetu, kanifundisha hotuba kwa simu. Mara thelathini! Nikikosea neno moja, anarudi mwanzo. Ya kumi na nane kasema nasema kama mtu anayetafuna kamba. Ya thelathini kasema marehemu babu yako alikuwa na sauti hiyohiyo. Sauti imenikauka.

Siku nzima sijapata nafasi ya kupanga ujanja hata mmoja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Wageni wamekuja arobaini na watano. Watano wa ziada, hawajui kuhesabu? Nikapunguza vipande vya nguruwe, nikaongeza dalo na tui la nazi, hakuna aliyegundua.

Ukumbini. Wageni kwenye mikeka, mimi nimepiga magoti, sulu, shuka ya kiunoni, imenibana, mizizi ya kava mikononi. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti. Sijui ya nani. Neno kwa neno, mpaka mwisho, na makofi ya heshima yakapigwa mahali pake. Mlangoni nikamwona Vasiti anafuta macho. Moshi wa lovo, bila shaka.

Mkubwa wa wageni ni Bwana Aporosa, mwenye nyumba za wageni ufukweni. Ilimbidi ajibu kwa heshima. Badala yake akauliza kijana anatoka kijiji gani. Nikataja. Akapiga paja! Naye ni wa kwao Vasiti, mtani mtupu! Akasema mbele ya watu wote, kumbe siku hizi walaji wa popo wa kwenu wamefundishwa kusema. Dakta Pillay akapauka. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: sisi popo tunamla mbele ya wageni, ninyi mnasubiri wageni waondoke ndipo mfunue chungu, lakini leo wageni ni ninyi, Mzee, karibuni mshibe. Ukumbi ukalipuka. Aporosa alicheka mpaka machozi, akanivua saa ya mkononi, akaivaa yeye.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini akaniuliza, haya mtani, chuo kikuu kimekufundisha nini miaka yote hii? Watu wote wanataka kusikia. Nikakumbuka ukurasa wa saba, niliuchungulia kwenye flashi asubuhi nikisubiri nguruwe. Nikasema kwa sauti ya mjomba: "Nikiwa nahodha wa timu ya netiboli ya wasichana, nilijifunza kujiamini kama mwanamke."

Sitaki kuandika kilichofuata. Filimoni bado anacheka hadi sasa hivi ninapoandika, kajifunika shuka.

Dakta Pillay kanivuta pembeni. Kumbe alijua tangu Jumatano. Jalada la bluu amelirudisha kwa mwenyewe. Mimi nina hadi Jumatatu saa nne: barua moja ya shahidi aliyeniona nikifanya kazi, na sentensi moja yangu mwenyewe, nimejifunza nini. Moja tu, Peceli, akasema, na iwe yako.

Jumamosi, 21 Oktoba

Sentensi moja! Nitatoa wapi? Wiki nzima nilikuwa nahangaika na nguruwe, sikupata hata nafasi ya kukua.

Shahidi pia sina. Mlinzi alinionaje, si alikuwa anachimba? Vijana wa raga hawajui kuandika zaidi ya mstari. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Nimeandika "Nimejifunza kwamba" nikaenda kula kiporo. Nikarudi, nikaongeza nukta mbili.

Mama kapiga. Watu wa meli sasa ni ishirini na sita. Akaniuliza mbona sauti yako ya kiume hivyo, mwanangu, unaumwa? Nikasema mafua. Baada ya simu nililia kidogo, peke yangu, kwa dakika kama mbili.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya kanisa Vasiti kabisha hodi. Kaingia, kaenda moja kwa moja kwenye sufuria, kabeba paja la mwisho la nguruwe. Nikacheka, lakini kwa shida. Akaniuliza una nini, mtani, umepooza kama dalo la juzi. Nikamwambia. Mikeka, meli, sala, yote. Leo sikumtania.

Akaweka paja mezani, akafuta mikono, akaomba kalamu. Kaandika kurasa mbili palepale bila kuinua kichwa. Kaweka sahihi. Kisha kachukua paja lake, na kalamu yangu, kaondoka.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimepita! Nimepita, jamani! Joho ninalo!

Dakta Pillay kasoma barua ya Vasiti mara mbili. Sentensi yangu ilikuwa: "Nimejifunza mengi, hayasemeki." Akaikata kwa kalamu nyekundu. Akasema barua inatosha, na siku moja nitaisoma nitaelewa.

Nimeisoma mara moja nje ya mlango. Lo, Vasiti ni mwongo wa kutisha! Ati kuna kijana aliyegawa kazi kwa watu kumi na mmoja bila kumfokea hata mmoja. Ati akapatanisha waliogombana. Ati akamfuata mwenzake mwenye huzuni hadi chumbani, akaokoa chakula kwenye mvua, akamshawishi mlinzi kwa ukweli mtupu, akatoa hotuba ambayo wavulana wote wa chuo waliikimbia. Jamaa wa ajabu huyo. Ningependa kukutana naye, pengine angenisaidia wiki ile. Na Dakta Pillay, msomi mzima, kaamini yote!

Nimempigia Mama. Alipiga kelele hadi majirani wakaja, wakapiga kelele nao, na mimi nikapiga kelele hapa barazani.

Saa kumi kapiga Bwana Aporosa. Anatafuta mtu wa kuandaa mapokezi na karamu zote kwenye nyumba zake za wageni, ameulizia chuoni, hataki mwingine ila mimi. Naanza Januari. Nimekubali papo hapo, kwa sauti nzito. Sijawahi kuandaa kitu maishani mwangu, lakini atajuaje?